Jinsi ya Kumtuliza Mpiga Debe wa Kichwani: Mwongozo kwa Watu wa Handeni na Korogwe

Kila aliyewahi kushuka stendi ya Korogwe au njia panda ya Segera anamjua mpiga debe. Basi lina abiria wanne, dereva hayupo, konda anakunywa chai, lakini yeye anapaza sauti: "Inaondoka hiyo! Inaondoka! Bado mtu mmoja!" Mgeni anashtuka, anakimbia na mabegi, anasahau chenji kwa muuza maji, kisha anakaa kitini saa nzima ndani ya basi ambalo halijatikisika.

Ndani ya ubongo wako kuna mpiga debe wa namna hiyo. Wataalamu wanamwita amigdala, sehemu mbili ndogo zilizojificha ndani kabisa ya ubongo, moja kila upande. Kazi yake ni kuona hatari na kupiga kelele kabla wewe hujapata muda wa kufikiri. Nyoka akikatiza njia ya shambani kule Kwamsisi, kelele hizo zinakuokoa. Tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini, moyo unakwenda mbio, damu inakimbilia kwenye misuli ya miguu, pumzi inakuwa fupi, na kabla hujasema "nyoka" umeshafika mbali.

Shida ni kwamba mpiga debe huyu hachagui. Anapiga kelele zile zile unapopokea ujumbe wa deni la simu, unapoitwa na mwenye nyumba, unapokumbuka msiba wa mwaka juzi, unapoona jina fulani limetokea kwenye kioo cha simu usiku. Mwili umejiandaa kukimbia, na wewe umekaa kwenye benchi la zahanati unasubiri kuitwa. Hapo ndipo watu husema: nimevurugwa, roho inanidunda, kichwa kimejaa, presha imepanda.

Mwongozo huu ni wa dakika hizo. Una utani ndani yake, kwa sababu mkoa wa Tanga umelelewa kwenye utani, na mtani wa kweli hukuambia ukweli usoni huku mkicheka. Lakini kila hatua iliyomo imeandikwa ifanywe, na ikifanywa inasaidia.

Vifaa vinavyohitajika

Miguu miwili, na mmoja unatosha. Pua. Mikono. Chungwa moja. Kikombe cha maji. Mtu mmoja usiyemwogopa. Ukikosa kimoja, tumia vilivyobaki. Hakuna kifaa hata kimoja kinachohitaji bando.

Kabla ya kuanza: ushauri wa kuuacha mlangoni

Wa kwanza ni "jikaze." Huu hutolewa bure misibani, kwenye vijiwe na kwenye vyumba vya wagonjwa, na hutolewa na watu wanaotupenda. Ndiyo maana ni mgumu kuukataa. Lakini mtu anayejikaza anafanikiwa kuukausha uso tu. Moyo wake unaendelea kwenda mbio, misuli imekakamaa, na nguvu zote alizonazo zimekwenda kulinda uso. Mtoto wa kiume anayeambiwa kila siku kwamba mwanamume halii hakui akiwa hana huzuni. Anakua akiwa na huzuni asiyojua pa kuipeleka, na mara nyingi huipeleka kwenye ngumi.

Wa pili ni "acha mawazo." Hakuna binadamu aliyewahi kuacha mawazo kwa kuamriwa. Ukimwamuru mtu asiwaze, umempa kazi ya pili juu ya ile ya kwanza: sasa anawaza jambo lake, na anawaza kwa nini anawaza.

Wa tatu ni "kunywa kidogo usahau." Pombe hupunguza kelele kwa saa chache, kisha hukuvurugia usingizi wa alfajiri, na asubuhi wasiwasi hurudi ukiwa umeongezeka. Deni liko pale pale, na sasa kuna la kilabuni.

Wa nne ni "mjibu sasa hivi." Sauti za WhatsApp zinazorekodiwa mtu akiwa amepandwa na hasira zimevunja ndoa na undugu mwingi. Weka simu kifudifudi. Ujumbe hauozi. Dakika 20 zijazo utakuwa na maneno bora zaidi, na kidole chako hakitakuwa kinatetemeka.

Ukishauacha huo wote mlangoni, ingia.

Hatua ya kwanza: Kanyaga ardhi

Mpiga debe wa kichwani ana tabia moja: hukupeleka mahali usipo. Hukupeleka kesho, mahakamani, mbele ya mwenye deni, au hukurudisha kwenye ajali ya zamani. Dawa yake ni kurudi ulipo, na njia fupi ya kurudi ulipo ni miguu.

Vua kandambili. Bonyeza kisigino chini, kisha vidole, kisha unyayo wote. Sikia kama udongo ni wa moto au wa baridi, kama kuna changarawe, kama sakafu ni ya saruji au ya kukandikwa. Ukiwa umekaa, sikia kiti kinavyokubeba. Hujakishikilia wewe; ndicho kinachokushikilia. Macho yawe wazi. Kisha sema kwa sauti, au kwa midomo tu kama kuna watu: "Niko Chanika, mjini Handeni. Leo ni Jumatano. Ni saa nne asubuhi. Jina langu ni fulani."

Watu wanaopita wakikuona unaongea peke yako, waache. Wengi wao wanaongea peke yao pia, tofauti ni kwamba wao hawajitaji majina.

Kwa nini inasaidia? Kwa sababu ubongo ulioshtuka hauna uhakika kama hatari ni ya sasa au ni ya zamani. Kutaja siku, saa na mahali kunaupa habari ambayo ulikuwa umeikosa: kwamba jambo lile lilikuwa kule, na wewe uko hapa.

Hatua ya pili: Toa pumzi kabla ya kuivuta

Watu wengi wakiambiwa "pumua" huvuta hewa nyingi kwa nguvu, mabega yakapanda hadi masikioni. Hiyo ndiyo namna ya kupumua ya mtu anayekimbizwa, na mwili unaisoma hivyo hivyo. Ukiendelea kupumua kwa haraka hivyo, unatoa hewa ya ukaa nyingi kuliko inavyotakiwa, na ndiyo maana vidole vinafanya ganzi, midomo inachezacheza na kichwa kinazunguka. Mtu anadhani anakufa, kumbe amepumua kupita kiasi.

Anza kwa kutoa. Toa taratibu, mdomo ukiwa umebanwa kidogo, namna unavyopuliza chai ya moto bila kuimwaga kwenye sahani. Hesabu mpaka 6. Kisha vuta kwa pua, taratibu, mpaka 4. Toa tena mpaka 6. Ukiendelea hivyo utajikuta unapumua mara 6 hivi kwa dakika, wakati mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya 12 na 20.

Siri iko kwenye kutoa. Kuna neva ndefu inayoitwa vagasi, inatoka kwenye shina la ubongo na kushuka hadi moyoni na tumboni. Unapotoa pumzi, neva hiyo hupunguza mwendo wa moyo. Unapovuta, moyo huongeza mwendo kidogo. Kutoa kukiwa kurefu kuliko kuvuta, umekanyaga breki kwa muda mrefu kuliko mafuta.

Kuna watu ambao kufuatilia pumzi huwazidishia hofu, hasa waliowahi kukosa hewa au kubanwa kwa nguvu. Kama ni wewe, ruka hatua hii bila kuona aibu. Nenda kwenye mikono.

Hatua ya tatu: Hesabu kwa kushuka, 5 hadi 1

Hatua hii inajulikana dunia nzima, lakini Segera inapendeza zaidi. Unataja vitu vitano unavyoviona, vinne unavyovigusa, vitatu unavyovisikia, viwili unavyovinusa, na kimoja unachokionja.

Vitano vya kuona: lori la mkonge, mwavuli wa muuza vocha, mbuzi aliyelala barabarani kwa kujiamini, kanga iliyoanikwa, mlima wa Usambara ukiwa na wingu begani. Usiseme "naona watu." Huo ni uvivu. Sema "naona mama mwenye ndoo ya kijani iliyopasuka mdomo." Kadiri unavyotaja kwa undani, ndivyo kichwa kinavyokosa nafasi ya kubeba jambo jingine.

Vinne vya kugusa: gome la mwembe, pindo la shati lako, sarafu mfukoni, ubao wa benchi.

Vitatu vya kusikia: honi ya basi, redio ya kinyozi, mtoto anayelilia andazi.

Viwili vya kunusa: moshi wa mahindi ya kuchoma, na kama uko karibu na shamba la mkonge, ule uchachu wa majani yanayopita kwenye korona, mashine ya kusindika mkonge. Wageni hukunja pua wakiusikia. Mzaliwa wa Ngombezi au Hale akiusikia anajua yuko nyumbani, na kujua uko nyumbani ndilo jambo lenyewe tunalolitafuta hapa.

Kimoja cha kuonja: punje ya ukwaju ulimini. Ukwaju haukupi nafasi ya kuwaza lingine. Handeni imejaa miti yake, na ndimu nayo inafanya kazi hiyo hiyo.

Hatua ya nne: Menya chungwa

Hii ndiyo hatua ambayo wilaya hizi mbili zinaweza kuifundisha dunia. Ukanda wa Segera, Michungwani na Kabuku una machungwa, na kila basi linalopunguza mwendo huzingirwa na ndoo zake. Nunua moja. Kataa kumenyewa. Muuzaji atashangaa, mwambie unalitaka na ganda lake.

Lishike kwanza. Lina uzito gani? Upande upi una doa? Libonyeze, linuse kabla ya kulikata. Kisha anza kumenya kwa kisu kutoka juu, polepole, ukijaribu ganda litoke utepe mmoja bila kukatika. Mafuta ya ganda yatakurukia vidoleni na harufu itajaa. Ganda likikatika, endelea pale lilipokatikia. Ukimaliza, kata, na kula kijipande kimoja kwa wakati mmoja, ukikisikia kinavyopasuka mdomoni.

Chungwa moja limetumia macho, vidole, pua, ulimi na hata masikio. Limekuchukulia dakika 5 au zaidi, na katika dakika hizo umeshika kisu, kwa hiyo ulilazimika kuangalia unachokifanya. Kwa mtu ambaye hisia zimemzidi kiasi cha kufikiria kujidhuru, kisu kiwekwe mbali na chungwa limenywe kwa vidole. Hapo hakuna utani hata kidogo.

Hatua ya tano: Maji usoni

Maji baridi yakigusa paji la uso na sehemu iliyo chini ya macho, hasa ukishikilia pumzi kidogo, mwili huitikia kwa kupunguza mapigo ya moyo. Ni itikio la asili tunaloshirikiana na wanyama wanaopiga mbizi. Lowesha kitambaa au pembe ya kanga, kiweke usoni sekunde 20 au 30, ondoa, toa pumzi, rudia. Mwenye ugonjwa wa moyo atumie maji ya kawaida na asishikilie pumzi.

Waislamu watatambua mahali hapa. Mafundisho wanayoyajua humwelekeza mwenye hasira akae kama amesimama, na alale kama amekaa, na udhu huleta maji usoni na mikononi. Mwili unaokaa chini na kuguswa na maji hupata amri ya kutulia, na amri hiyo haihitaji hotuba.

Najua watu wa Handeni wanasema nini wakisoma hapa: maji yapi? Ni swali la haki. Handeni ni wilaya kavu, na kwa miongo mingi imetegemea mradi mkubwa wa HTM unaochota maji ya Mto Pangani kule Tabora, wilayani Korogwe, na kuyasukuma hadi kwao, siku ambazo mambo yamekwenda vizuri. Mwanamke aliyeamka saa tisa usiku kupanga foleni ya ndoo hawezi kuambiwa ajimwagie maji apate utulivu. Kwake, foleni yenyewe ndiyo iliyomvuruga. Kwa hiyo kipimo hapa ni nusu kikombe na kitambaa, na maji hayo yakishatuliza uso yamwagwe kwenye mchicha. Na wanaohusika na mabomba wajue kwamba maji yakifika kijijini, hofu moja kubwa inaondoka kwenye vifua vya wanawake bila mtu kuhesabu pumzi.

Hatua ya sita: Upe mkono kazi

Hisia kali zina nguvu, na nguvu inataka kwenda mahali. Twanga. Pukuchua mahindi. Fua. Fagia uwanja. Chambua mchele na uangalie kila jiwe. Kazi yenye mdundo mmoja unaojirudia hushika mkono na pumzi kwa pamoja, na kichwa hufuata nyuma polepole.

Jambo hili Korogwe inalijua tangu zamani. Juu kwenye Milima ya Usambara, ndani ya wilaya hiyo, kuna Lutindi. Mwaka 1896 wamisionari wa Kijerumani walianzisha pale makazi ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwaka 1904 makazi hayo yakageuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, miongoni mwa za mwanzo kabisa Afrika Mashariki. Hadi leo hospitali hiyo, iliyo chini ya Kanisa la Kilutheri, inawapa wagonjwa dawa na pia kazi: shamba, bustani, karakana za kazi za mikono. Mtu anayesikia sauti kichwani anapewa jembe na mche wa kupanda. Udongo unaingia chini ya kucha, mche una jina, una mstari wake, una mwenzake wa kulia na kushoto. Huko ni kumrudisha mtu mahali alipo, siku baada ya siku.

Wapo wanaolitumia jina la Lutindi kuwa tusi: "Wewe unafaa kupelekwa Lutindi!" Waambiwe kwamba hospitali hiyo ni mojawapo ya vitu vya thamani ambavyo Korogwe inavyo, na kwamba anayelitumia jina lake kutukana anamzuia jirani yake kupona.

Kuna onyo moja. Kazi ya kutuliza ina mwisho. Ukifua nguo safi kwa mara ya tatu ili usikae na nafsi yako, sasa unakimbia. Kaa.

Hatua ya saba: Itaje hisia, umtajie mtu

Hisia isiyo na jina husambaa kwenye kila kitu. Ukiipa jina, inakuwa na mipaka. Hasira mara nyingi ni koti la juu. Chini yake kuna hofu, aibu au huzuni. Anayejua kulivua koti hilo kwa upole ni mtu wa thamani kubwa, na katika wilaya hizi mara nyingi ni shangazi. Msikilize kijana wa bodaboda akifika kwa shangazi yake kule Manundu, Korogwe:

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Mbona umekuja na uso huo?"

"Roho inanidunda, shangazi. Tumegombana na mwenye pikipiki. Nilikuwa nataka kumpiga."

"Kaa kwanza. Umekula?"

"Bado."

"Kaa, kula. Hasira ndiyo inakusumbua, au kuna kingine?"

Kijana anakaa kimya. Anamega ugali. "Naogopa, shangazi. Hesabu ya wiki haijatimia. Akiichukua pikipiki nitawalisha nini watoto?"

"Haya. Sasa tumejua tunachozungumza."

Shangazi hakumwambia ajikaze. Alimkalisha, akaupa mkono wake ugali, akamwuliza swali moja, akangoja jibu. Hatua kadhaa za mwongozo huu zilipita hapo bila mtu kuzitaja. Mwenye pikipiki bado anadai hesabu yake, lakini sasa atakwenda kuongea naye mtu mwenye hofu inayojulikana, si ngumi iliyokunjwa.

Na kuna watani. Msibani, watu wamekaa kimya kizito, wafiwa wamekakamaa, mara mtani anaingia amevaa koti la marehemu na kuanza kumwigiza namna alivyokuwa akitembea na kudai madeni. Mjane anacheka huku machozi yanamtoka. Kicheko kile ni pumzi ndefu inayotoka mfululizo, kwa kishindo, ndani ya kifua kilichokuwa kimefungwa tangu jana. Wazee waliouweka utani ndani ya msiba walijua kwamba mwili uliobanwa na huzuni hauwezi kuomboleza vizuri mpaka ufunguliwe. Lakini mtani mzuri hutazama uso. Akiona mtoto wa marehemu amejikunyata pembeni, huacha mzaha, akaenda kukaa karibu naye.

Kwa waliohama

Hatua ya kwanza ilisema: taja mahali ulipo. Kwa wengine mahali penyewe ndipo penye kidonda.

Handeni ni wilaya ya watu waliofika wakiwa wameacha kwingine. Makazi ya Chogo yalifunguliwa mwaka 2003 kwa wakimbizi wa vita vya Somalia wenye asili ya Kizigua, ambao wahenga wao walichukuliwa kutoka pwani hii katika karne ya 19 na kupelekwa bonde la Mto Juba, na ambao lugha ya Kizigua ilibaki vinywani mwao kwa vizazi vyote hivyo. Mwaka 2022 familia za Kimasai kutoka Ngorongoro zilianza kufika kijiji cha Msomera. Mtu wa namna hii akitaja vitu vitano anavyoviona, huenda kila kimoja kikamkumbusha asichokiona.

Kwake, anza na kitu alichokuja nacho: fimbo, shanga, kikombe, kitambaa cha mama. Akishike, asimulie kilitoka wapi, kisha ahamishe jicho lake polepole kwenye kitu kimoja cha hapa, kisha cha pili. Aseme yote mawili: "Nilitoka kule. Sasa niko hapa." Jirani anayemsaidia asimharakishe, na asimwambie kwamba hapa ni pazuri zaidi. Asikilize jina la kule, ajifunze kulitamka.

Kwamba njia hizi zinawafaa watu waliopitia makubwa, Afrika Mashariki ina ushahidi wake. Kaskazini-magharibi mwa Uganda, katika makazi ya Rhino Camp, wanawake 694 waliokimbia vita Sudan Kusini walishiriki utafiti ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2020. Baadhi ya vijiji vilipata mafunzo ya Shirika la Afya Duniani: vikao 5 vya kikundi, sauti zilizorekodiwa, kitabu cha picha, na waongozaji waliopewa mafunzo mafupi bila kuwa madaktari. Miezi 3 baadaye, wanawake waliopata mafunzo walikuwa na msongo mdogo kuliko wale wa vijiji vingine. Mwaka huo huo shirika hilo likatoa kitabu cha picha kwa ajili ya watu wote, na sura yake ya kwanza ni hii hii: kuituliza nafsi kwa kurudi mahali ulipo. Kama iliwezekana chini ya maturubai ya Rhino Camp, inawezekana chini ya mwembe wa Mkata.

Mahali mwongozo huu unapoishia

Hatua hizi zinatuliza dakika. Hazilipi deni, hazirudishi marehemu, hazimtoi mtu kwenye nyumba anayopigwa. Kama kelele za kichwani zinatokana na mkono wa mtu unaokupiga, usijifunze kupumua ndani ya kipigo. Ondoka, nenda kwa jirani, nenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Mpiga debe huwa anakosea mara nyingi, lakini kuna siku basi linaondoka kweli, na siku hiyo unatakiwa uwe ndani yake.

Maumivu mapya ya kifua, yanayoshuka mkononi au yanayokuja na jasho la baridi, si ya kumenyea chungwa. Ni ya hospitali, mara moja. Na kama kwa wiki mbili mfululizo hulali, huli, huna hamu na chochote, au umeanza kufikiri kwamba watu wako wangekuwa afadhali bila wewe, mwambie mtu leo. Nenda kituo cha afya, au Hospitali ya Magunga pale Korogwe, au hospitali ya wilaya ya Handeni, na ukielekezwa Lutindi, nenda ukiwa umeinua kichwa. Mtoto, au mtu mzima mwenye wasiwasi juu ya mtoto, anaweza kupiga 116 bila malipo.

Mwisho, usisubiri siku ya mafuriko ndipo ujifunze kuogelea. Fanya hatua hizi siku ambayo huna lolote linalokusumbua: jioni moja, umekaa barazani, pumua mara 6 kwa kuhesabu, taja vitu vitano, menya chungwa. Mwite na mtoto wa karibu afanye nawe, na umwache akushinde kwa kutaja vitu. Mtoto anayejua kwamba hofu ina mwanzo, ina kilele na ina mwisho, na kwamba akiwa katikati yake anaruhusiwa kulia na kuomba mtu akae naye, ameshapata kitu ambacho wengi wetu tulinyimwa kwa neno moja la "jikaze." Mpe mapema.